Tusimjibie Mama



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, wiki hii twaomba ruhusa tuzungumze jambo la nyumbani kwetu. Tumekaa nalo kifuani kwa miaka kadhaa kwa sababu ndani yake mna aibu yetu. Lakini sensa nyingine yatarajiwa mwaka 2029, na makarani watabisha hodi tena milangoni mwetu. Tumeona ni bora aibu yetu ijulikane kuliko mwengine aingie katika kosa lilelile.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 serikali ilihesabu watu nchini kote, na makarani waliendelea kupita nyumba kwa nyumba hadi mwisho wa mwezi. Kwetu Mkomani karani alifika Jumatatu alasiri, wiki mbili baada ya Idi ya kuchinja. Alikuwa msichana wa mtaani, amejitanda mtandio wake vizuri, mkononi kashika kishikwambi. Marehemu mama yetu, Mola amrehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani akivuta tasbihi. Umri wake ulikuwa ukikaribia miaka 80, lakini masikio na akili vilikuwa timamu.

"Shikamoo bibi," karani akaamkia.

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

Maswali yakaanza. Jina, umri, mahali alipozaliwa, kama anajua kusoma. Sisi tulikuwa tumesimama kando, kofia kichwani na kitabu kwapani, tukisubiri amalize tuwahi darasa letu la baada ya magharibi, maana palikuwa na mambo ya kutayarisha. Kisha karani akauliza: "Bibi, umejaaliwa kuzaa watoto wangapi kwa jumla, walio hai na waliofariki?"

Kabla mama hajafungua kinywa, tukajibu sisi. "Wanne. Andika wanne, binti."

Tulijibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haraka. Ya pili ni mazoea tuliyokulia, ya kwamba watoto hawahesabiwi. Ukimwuliza mzee ana watoto wangapi atakwambia "alhamdulillahi, Mola kajaalia," na hapo mazungumzo huisha. Hesabu, tuliambiwa, huvuta jicho na kuondoa baraka. Na waliokufa ndio kabisa hawatajwi, wasije wakamtonesha mama kidonda.

Yule msichana akainamisha kichwa kwa adabu. "Samahani Sheikh. Swali hili ni la bibi mwenyewe."

Mama akaiweka tasbihi yake juu ya mkeka. "Saba," akasema. "Wanne wako, watatu wametangulia."

Tukashtuka. Wawili tulikuwa twawajua. Mmoja ni kaka yetu aliyechukuliwa na surua akiwa ameanza kutambaa. Wa pili ni dada yetu aliyeshikwa na homa usiku, mama akavuka naye alfajiri lile daraja la zamani la Nyali lililoelea juu ya maji, kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980, akafika kisiwani na mtoto amekwisha kukata roho mgongoni. Hawa wawili tulikuwa tukiwaombea. Lakini huyu wa tatu hatukuwahi kumsikia. Tulikuwa tumevuka miaka 50, ni imamu wa watu, tumeshazika wazazi na watoto wa majirani zetu, wala hatukujua kwamba tumbo lililotuzaa sisi lilikuwa limezaa mwengine kabla yetu.

"Alikuwa wa kwanza," mama akaeleza. Hakutuangalia sisi, alimwangalia karani. "Mtoto wa kike. Hakufika asubuhi. Wakaniambia nisimtaje, nitazaa wengine."

Karani akauliza taratibu: "Alipozaliwa, bibi, alilia?"

"Alilia. Mara moja. Nilimsikia."

"Basi na yeye ahesabiwa."

Akabonyeza kishikwambi chake, akaendelea na swali la pili. Mama akaichukua tasbihi yake. Na sisi tukabaki tumesimama na kitabu chetu kwapani.

Hebu tuseme kitabu hicho kilikuwa kitabu gani, maana hapo ndipo aibu ilipo. Kilikuwa kitabu cha fiqhi. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tumeisoma hukumu hii tangu tungali vijana madrasani, katika mlango wa janaza na tena katika mlango wa mirathi. Mtoto akizaliwa akalia, au ikadhihirika dalili nyengine ya uhai, hukumu yake ni hukumu ya mtu mzima: aoshwa, akafiniwa, asaliwa na kuzikwa. Yeye hurithi na kurithiwa, hata kama uhai wake haukufika adhana ya alfajiri. Sauti moja tu yatosha kumwingiza katika idadi ya wanadamu. Tumewafundisha wanafunzi hukumu hiyo mara ngapi! Lakini ndani ya nyumba yetu alikuwapo aliyelia mara moja, na sisi wenyewe tukamtoa katika hesabu kwa neno moja la haraka.

Na kuna jambo jengine katika vitabu hivyohivyo. Katika mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayashuhudii, kama uzazi, wanazuoni wetu wamekubali ushahidi wa wanawake peke yao. Kwa madhehebu yetu, wanawake wanne. Yaani sheria yenyewe imekiri kwamba kuna mlango ambao nyuma yake mwanamume hana la kusema. Kama mtoto alilia au hakulia, hilo ajuaye ni mama, na mkunga, na wanawake waliokuwa chumbani. Ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kulijibu swali lile?

Usiku ule hatukulala vizuri. Siku chache baadaye alitutembelea mpwa wetu, binti wa dada yetu, anayesomea takwimu katika chuo kikuu. Tukamsimulia kisa chote, kisha tukamwuliza: serikali yataka nini kwa watoto waliokufa? Walio hai twaelewa, watahitaji shule na maji na dawa. Lakini hawa waliotangulia, kuwauliza mama zao barazani, mbele za watu, kuna faida gani?

Akacheka kidogo, kisha akasema: "Mjomba, swali hilo lina historia, na historia yake imepita hapahapa kwetu."

Akatueleza habari za mtu aitwaye William Brass. Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1921, akasomea hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1948 alikuja Nairobi kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, ofisi ya zama za ukoloni iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Mwaka huohuo ilifanywa sensa kubwa katika nchi hizi, na sehemu ya watu wakachaguliwa kuulizwa maswali ya ziada, yakiwamo ya uzazi. Kijana huyu wa hisabati akakuta mezani kwake majibu ya kina mama wa Afrika Mashariki.

Tatizo lililomkabili lilikuwa hili. Huko kwao, mtoto akizaliwa huandikwa ofisini, na akifa huandikwa. Mwenye kutaka kujua ni watoto wangapi kati ya 1,000 wanaokufa kabla ya kutimiza miaka 5, hufungua daftari akahesabu. Huku kwetu daftari kama hilo halikuwapo. Watoto walizaliwa nyumbani, wakafa nyumbani, wakazikwa na jamaa zao, na ofisini pasiandikwe lolote. Hata umri wa mama wengi ulikuwa wa kukisia: fulani alizaliwa mwaka wa njaa, fulani mwaka wa nzige. Wataalamu wengi waliona kwamba majibu ya namna hiyo hayawezi kujengewa elimu yoyote.

Brass hakuyatupa. Aliona kwamba kama daftari halipo ofisini, lipo katika kumbukumbu ya mama. Mwulize maswali mawili tu: umezaa wangapi, na wangapi wamefariki? Kisha wapange kina mama kwa umri wao. Mwanamke wa miaka 20 hadi 24 hajazaa zamani, na watoto wake bado wadogo. Kwa hiyo fungu la watoto wake waliofariki laonyesha kwa ukaribu hatari ya mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Majibu ya wanawake wa miaka 25 hadi 29 yaonyesha hatari ya kufa kabla ya miaka 3, na ya wanawake wa miaka 30 hadi 34, kabla ya miaka 5. Tuseme wanawake 100 wa umri huo wa mwisho wamezaa watoto 400, na 60 kati yao wametangulia. Basi katika kila watoto 100, takriban 15 hawafiki miaka 5. Zabaki marekebisho madogo ya kihisabati, kulingana na umri ambao wanawake wa nchi hiyo huanza kuzaa, na jambo limekwisha. Kisichokuwamo katika daftari lolote la serikali kimepatikana kwa kuwasikiliza kina mama.

Brass aliondoka Nairobi mwaka 1955, akafundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha kuanzia mwaka 1965 akawa London, katika chuo kinachofundisha afya ya umma na magonjwa ya nchi za joto, ambako alikuja kuwa profesa. Wanafunzi walimwendea kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakarudi makwao na njia zake. Mwaka 1968 yeye na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya idadi ya watu wa Afrika ya kitropiki. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulichapisha mwongozo wa kukadiria uzazi na vifo pale ambapo daftari hakuna, na njia zake zimejaa humo. Kuanzia mwaka 1985 hadi 1989 alikuwa rais wa umoja wa kimataifa wa wataalamu wa elimu ya idadi ya watu. Alifariki mwaka 1999.

Hakuishia kwa watoto. Alisaidia kuijenga njia ya kumwuliza mtu mzima, "Je, mama yako yu hai?", na kutokana na majibu hayo kukadiria vifo vya wanawake wazima. Swali hilo nalo karani alituuliza sisi siku ile, na tulilijibu kwa furaha kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yetu. Na mwaka 1989 yeye pamoja na Wendy Graham na Robert Snow walitoa njia ya kumwuliza mtu habari za dada zake: ni wangapi waliofikia umri wa kuzaa, wangapi wamefariki, na je, walifariki wakiwa waja wazito, au wakati wa kujifungua, au kabla ya kwisha wiki 6 baada ya kujifungua? Hivyo ndivyo nchi zisizo na madaftari zilivyoanza kujua ni wanawake wangapi wanaokufa kwa uzazi. Mtoto aulizwa mama, na mtu aulizwa dada yake. Elimu nzima imesimama juu ya udugu wa damu.

Mpwa wetu akaongeza neno moja lililotuchoma. "Wataalamu wajua pia udhaifu wa njia hii, mjomba. Kadiri mama anavyozeeka ndivyo anavyoelekea kuwaacha watoto waliokufa katika hesabu, hasa waliokufa wachanga. Ndiyo maana hutegemea zaidi majibu ya wanawake vijana."

"Huwaacha kwa sababu amesahau?" tukamwuliza.

"Vitabu vyasema kusahau," akajibu. "Lakini sijui kama bibi alisahau."

Hakusahau. Miaka zaidi ya 50 alikuwa amenyamaza kwa kuwa aliamrishwa anyamaze, na siku alipoulizwa, mwanawe mwenyewe alitaka kumnyamazisha tena. Twajiuliza ni kina mama wangapi wa pwani hii ambao "kusahau" kwao kulikuwa ni mume, au mkwe, au mtoto msomi aliyesimama kando akajibu kwa niaba yao.

Huenda msomaji akasema: Sheikh, mbona watusifia mtu wa serikali ya kikoloni? Wao walituhesabu ili watutoze kodi na kutupeleka kazini. Maneno hayo yana ukweli, na wazee wetu walikuwa na sababu ya kumkimbia mwenye kalamu na daftari. Wala hatusemi kwamba kila anayehesabu ana nia njema. Twasema tu kwamba elimu hiyo haikuzuka kichwani mwa Mzungu peke yake. Upande mmoja ulikuwa na hisabati, upande wa pili ulikuwa na kina mama waliokubali kumjibu mgeni swali zito kuliko yote. Jina la Brass limo vitabuni. Majina ya kina mama wale hayamo. Na baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa na wasomi wa kwetu. Profesa Simeon Ominde, Mkenya, alitoa mwaka 1968 kitabu chake juu ya ardhi na uhamaji wa watu nchini Kenya, na wengi wakamfuata.

Mwengine atasema: maswali haya ya uzazi ni mlango wa kutuambia tuzae wachache. Hilo nalo twalisikia sana misikitini. Jawabu letu ni kwamba kupima si kuamrisha. Daktari apimaye homa hajakuandikia dawa bado. Mjadala wa kupanga uzazi una mahali pake, na wanazuoni wameuzungumza kwa urefu. Wiki hii hatuuingii. Kumjua mtoto aliyekufa na kilichomwua si kumzuia mwengine kuzaliwa. Kinyume chake, ni njia ya kumwezesha mwengine aishi.

Tazameni tarakimu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 115 hawakufika miaka 5. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha 41. Bado ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Lakini tofauti ya 115 na 41 ni watoto wanaokimbia leo vichochoroni mwetu, ambao zamani tungewazika. Tumeijuaje tofauti hiyo? Mama mmoja mmoja aliulizwa habari za kila mtoto aliyemzaa: yu hai au amefariki, na kama amefariki, alikuwa na umri gani. Kina mama hao wangejibiwa na waume zao, tusingejua kama chanjo ya surua yafika, wala kama vyandarua vyafanya kazi, wala ni kijiji gani kimeachwa nyuma. Jirani zetu wa Kilifi wamezoea jambo hili: tangu mwaka 2000 watafiti wa afya wa huko wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba mara kwa mara kuandika nani amezaliwa na nani amefariki.

Na kama ni dini, tusidai kwamba kuhesabu ni bidaa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Hudhayfa, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wamwandikie idadi ya waliosilimu. Katika riwaya ya Bukhari walipatikana wanaume 1,500. Basi daftari liliandikwa, na baraka haikuondoka. Na Mola wetu ametufahamisha katika Suratu Maryam kwamba viumbe wote amewadhibiti na kuwahesabu sawasawa. Mtoto aliyelia mara moja alikuwa amehesabiwa huko kabla karani hajazaliwa. Aliyepungukiwa na hesabu tulikuwa sisi.

Zaidi ya hayo kuna hadithi ambayo hatuwezi tena kuisoma bila ya kumkumbuka mama barazani. Wanawake walimwomba Mtume (S.A.W.) awatengee siku yao ya mafunzo, kwa kuwa wanaume walikuwa wamewazidi. Akawatengea. Katika aliyowafundisha ni kwamba mwanamke aliyetanguliwa na watoto watatu, watakuwa kinga yake na Moto. Mwanamke mmoja akauliza: na wawili? Naye akajibu: na wawili. Tafakarini, ndugu zetu. Mwanamke yule alisimama mbele ya kiongozi wa umma akaitaja hesabu ya waliotangulia kwa kinywa chake mwenyewe, na hapana aliyemjibia wala aliyemwambia anyamaze. Alijibiwa kwa rehema, na hesabu yake ikabaki katika vitabu vyetu hadi leo.

Baada ya karani kuondoka siku ile, tuliketi chini mkekani. Tukamwomba mama radhi. Hakukasirika, alisema tu, "Hukujua, mwanangu." Kisha akatusimulia. Mkunga alikuwa bibi wa mtaani. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alipofariki wakamfunga kitambaa, wakatoka naye kabla ya jua, na yeye akaambiwa alale. Baba yetu, Mola amrehemu, hakuwahi kulizungumza. Lakini mama alikuwa amempa jina. Alimpa peke yake, moyoni, siku ya saba, wakati ambapo wengine wangekuwa wanachinja akika. Jina hilo alitutajia jioni ile. Hatuliandiki hapa, ni amana yake. Ila ndugu zetu wote wanne sasa twalijua, na twalitaja katika dua.

Ijumaa iliyofuata alituelekeza walipozikwa. Kaburi la kaka na la dada tuliyapata kwenye makaburi ya mtaani, chini ya mwarobaini. La yule wa kwanza halina alama. Mama alisimama kwenye njia ya mchanga akaangalia huku na huku, kisha akasema, "Ni hapa hapa karibu." Tukasoma Fatiha tukielekea hapo hapo karibu. Mwezi wa Rajabu uliofuata, yeye mwenyewe akawafuata.

Matokeo ya sensa yalipotoka tuliyatafuta ya kwetu. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Nyali, ambamo Mkomani yetu imo, watu 216,577. Mama yumo katika hesabu hiyo. Binti zake na wanawe waliotangulia hawamo, maana sensa huhesabu walio hai. Lakini majibu yake yamo mahali pengine, katika jedwali ambalo mtaalamu fulani atalisoma ili ajue watoto wa zamani wa pwani walikufa kwa kiasi gani. Humo ndani, bila ya jina, kuna mmoja aliyelia mara moja.

Basi usia wetu ni mfupi. Mwaka 2029, insha'Allah, au wakati wowote muuguzi wa kliniki atakapomwuliza mama yako, mke wako au dada yako amezaa wangapi na wangapi wamefariki, wewe mwanamume ondoka barazani kidogo, au kaa ukiwa kimya. Asipotaka kujibu, hiyo ni haki yake. Akitaka kujibu, apewe nafasi ya kuwataja wote, hata wa saa moja. Na enyi mama zetu, mkiulizwa, msimpunguze mtoto yeyote kwa kutuonea haya sisi.

Wala msingoje karani. Yule msichana alikuwa mgeni, na lile lilikuwa swali lake la kazi. Sisi tuliokula mkono wa mama miaka zaidi ya 50 hatukuwahi kumwuliza. Mwenye mama aliye hai, na amwulize jioni hii.

Wabillahi tawfiq.